Kamati ya Vitasa Visivyoshika Kutu

Inatangazwa kwa fahari kwamba, baada ya miezi kumi na minne ya vikao, Kamati imepata kitasa kimoja kitakachofungwa kwenye milango ya boti zote za serikali. Kinang'aa kama jino la dhahabu.

Mwenyekiti si mtu wa kubahatisha. Vitasa kumi na viwili vilijaribiwa ofisini kwake, ndani ya kabati, penye kiyoyozi. Kila Jumatatu mhudumu alivinyunyizia maji ya kunywa ya chupa. Maji ya bahari yalijadiliwa kwa kina, yakakataliwa: hayakuwa na mzabuni aliyesajiliwa.

Fundi wa bandarini, mwanamke aliyeitwa Mama Nyundo, alikuja na sumaku. Akaigusisha kwenye kitasa kilichoshinda. Ikanasa.

"Mzee, hiki ni chuma cha kawaida kimepakwa rangi. Chumvi itakitafuna mpaka moyoni. Mdogo wangu atafanya kazi chumba cha injini, na mlango ni mmoja. Moto ukiwaka atatokea wapi, kwenye bomba la moshi?"

"Mama, una shahada?"

"Nina diploma na macho mawili."

"Basi andika barua. Macho utayaambatisha."

Aliandika barua tatu. Mwenyekiti alisifu mwandiko.

Miezi miwili baadaye Kamati ilikwenda gatini kukagua boti ya kwanza kabla haijaanza safari. Wajumbe saba waliingia chumba cha injini, na Mwenyekiti, mtu wa vitendo, akaubamiza mlango mwenyewe ili wausikie mlio wake. Waliusikia. Kisha akazungusha kitasa afungue. Hakikugeuka. Akakizungusha kwa mamlaka zaidi. Kikamkatikia kiganjani na kummwagia unga mwekundu kwenye shati jeupe.

Joto likapanda. Mjumbe wa Mipango alivua tai, kisha viatu. Wakapiga mlango kwa ngumi mpaka mtu akaja.

"Hodi humo ndani," ikasema sauti ya Mama Nyundo.

"Fungua, mama! Tunaiva!"

"Nina barua ya nne hapa. Inaomba vitasa vya chuma kisichoshika kutu, boti zote, kabla mdogo wangu hajapanda. Naipenyeza chini ya mlango."

Mwenyekiti akajifuta uso. "Suala hili linahitaji wiki tatu za mashauriano."

"Hamna neno, Mzee. Nitapita baada ya wiki tatu."

"Dada! Rudi, dada yangu! Akidi imetimia!"

Karatasi ilitoka baada ya dakika mbili, imelowa jasho, ina sahihi saba. Wajumbe wakasikia patasi ikigusa mlango, nyundo ikiokotwa sakafuni. Halafu patasi ikaondolewa.

"Mzee," akasema Mama Nyundo, "mbona muhuri siuoni?"

Kwa miaka ishirini na miwili Mwenyekiti alikuwa amewauliza watu swali hilo kila siku ya kazi. Hakuwahi kujua kwamba lina joto kiasi kile.