Mbuzi wa Ntheo Hawatumwi kwa Simu

Jumanne, 5 Agosti 2025. Nunguni.

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Nimelala na mfuko wa maji ya dawa chini ya blanketi upate joto, maana maji yakiingia tumboni yakiwa baridi, meno yanagongana yenyewe. Mwongeli amesema hakuolewa ili alale kitanda cha watu watatu. Nimemwambia huyo wa tatu ndiye anayemweka mumewe hai. Amevuta blanketi, akanigeuzia mgongo. Bao langu!

Tangu figo zigome, kazi yangu ni hii: mara nne kwa siku naingia chumbani, nafunga dirisha, nanawa mikono kama daktari, navaa maski. Natoa maji machafu tumboni kwa mrija, naingiza mapya. Nusu saa nzima, na hakuna mtu kuingia. Wageni bado wananiuliza mashine iko wapi.

Leo Kivuva, mdogo wangu, amenitibua nyongo. Jumamosi wakwe wanatoka Murang'a kuleta ntheo, wale mbuzi wa kufunga uchumba wa Kanyiva. Kanyiva ni binti wa marehemu kaka yetu, na ni mimi niliyemlea. Kivuva amesema msemaji wa familia atakuwa yeye, kwa sababu mgonjwa hawezi kubishana na wakwe huku anakimbilia mrija. Ati mgonjwa! Mimi Ndululu, dalali wa mbuzi soko la Kyuso, niliyemtafutia mnunuzi hata mbuzi kipofu!

Nimeumia, sifichi. Siku hizi watu wananijadili nikiwa papo hapo, kana kwamba mimi ni kiti. Nisipomsemea Kanyiva, basi wachimbe tu kaburi.

Jumatano, 6 Agosti.

Mpango! Kivuva anapenda cheo kuliko chakula. Nimemwita, nikamwambia wakwe wa siku hizi huangalia sana mapokezi, na hatuna mtu wa maana wa kuyasimamia. Nimesema Mwenyekiti wa Mapokezi husimama langoni, huvaa beji, na wageni humsalimia kabla ya mtu yeyote. Amefikiria muda mfupi sana. Ameuliza beji itakuwa rangi gani.

Mimi ndiye msemaji. Mwongeli amesema beji ataishona, lakini dhambi ni yangu.

Ijumaa, 8 Agosti.

Maboksi ya dawa yamejaa sebuleni mpaka dirishani. Wageni wataketi wapi? Mwongeli ameyapanga ukutani, akayafunika vitambaa vyake vya maua. Ukiingia unadhani ni viti vya mbunge.

Nimempigia muuguzi wa kliniki, nikauliza kama naweza kuruka mfuko wa mchana siku moja tu, kwa ajili ya taifa. Amesema naweza kuusogeza kidogo, kuruka hapana. Halafu akaanza kuuliza habari ya chumvi na supu. Mtandao ukapotea. Niliupoteza mwenyewe kwa kidole.

Jumamosi, 9 Agosti.

Ushindi! Ushindi! Niandike kabla sijasahau hata neno moja.

Wakwe walifika na pikapu. Tupu! Hata kinyesi cha mbuzi hakuna. Mzee Gicheru, baba wa kijana, mtu wa koti na sauti ya upole, alieleza kwamba siku hizi mambo ni rahisi, mbuzi watatumwa kwa simu, yaani pesa yao. Nilimuuliza kama hiyo simu inalia mee. Upande wetu wakacheka. Kando yake dada yake, Mama Wanjiro, alikuwa ameketi kwenye kiti cha maua, kimya, macho kila mahali.

Tukavutana. Mfuko wa mchana ukafika, nikaenda, nikabadilisha kwa utaratibu wote, nikarudi na nguvu mpya. Tukavutana tena. Ndipo Mzee Gicheru akasema kwa upole kwamba watu waliookoka hawagombanii mbuzi.

Woi! Nilikosa jibu. Haijawahi kunitokea, hata Kyuso. Mchungaji wetu, aliyealikwa kutuombea, alikuwa ananiangalia. Nikashika tumbo, nikainuka taratibu, nikatangaza kwamba saa ya mfuko imefika tena. Wote wakanihurumia. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikajilaza nitafute jibu.

Kumbe nimejifungia mwenyewe! Upande wa pili nikasikia sauti ya Kivuva. Alikuwa ameacha lango. Akawaambia wakwe sisi ni watu wa kisasa, simu haina shida, na akaanza kuwatajia nambari. Nambari yake!

Nitatokaje? Nimesema niko kwenye mrija, na kila mtu anajua ni nusu saa. Nikazunguka chumba. Nikauma shuka. Kivuva alipofika katikati ya nambari, nikapiga kelele kupitia mlango.

Nilimwamuru arudi langoni. Nilimwambia Mzee Gicheru kwamba hata Ibrahimu hakutumiwa kondoo kwa simu, alimwona kwa macho, amenaswa pembe kichakani. Nilisema maji yananitoka, nguvu zinanitoka, lakini Kanyiva hataondoka kwangu kwa ujumbe wa simu, na mbuzi wake watakanyaga uwanja huu kwa miguu yao.

Nikatega sikio mlangoni. Nikadhani nimeharibu. Halafu Mzee Gicheru akasema kwamba hajawahi kuona baba wa namna hii, mtu amefungwa mrija na bado anampigania mtoto. Kijana akatumwa na pikapu soko la hapo jirani. Mimi nikabaki ndani kumaliza nusu saa yangu, nikicheza kilumi, ngoma ya kwetu Ukambani, bila viatu.

Nilipotoka, mbuzi walikuwa wanakula maua ya Mwongeli. Kanyiva alinishika shingoni akalia. Na mimi nililia, sitadanganya daftari langu.

Kisha Mama Wanjiro akanivuta kando. Akaniambia polepole kwamba boksi la mifuko ndilo alilokalia, mara ya kwanza aliinuliwa ili mfuko utolewe, na mara ya pili hakuna aliyemwomba ainuke. Nikaanza kutafuta uongo mwingine. Lakini akacheka mpaka akapangusa machozi. Halafu akaacha kucheka. Kaka yake mwingine alikuwa na mrija kama wangu. Alipoona amepata nguvu akaanza kuruka mifuko, na wakamzika. Akasema siri yangu ataitunza, mradi mfuko wa kweli nisiufanyie mchezo. Nilimwahidi, na niliogopa sana.

Nilikunywa supu kidogo ya kutuliza moyo. Kisha nyingine ya kutuliza ile ya kwanza.

Jumapili, 10 Agosti.

Miguu imevimba, viatu vimekataa. Muuguzi ameuliza uzito wangu, nikamwambia, akaniomba nirudie. Amenipa mfuko wenye dawa kali zaidi na maneno makali zaidi. Nimetubu. Nimeapa mbele ya Mwongeli: ujanja basi, supu basi. Nimeenda kanisani na kandambili. Watu wote wananiita Msemaji! Kivuva bado amevaa beji.

Jumatatu, 11 Agosti.

Mifuko yote kwa saa yake. Miguu inapungua. Mtu mpya kabisa.

Mchana Mzee Gicheru amepiga simu. Ana mpwa wake anayetaka kuoa binti wa Kwa Vonza, na wazee wa huko wamekaza kamba, wanataka mbuzi wenye miguu. Familia yake imekaa ikaona hakuna mtu wa kuwashinda Wakamba ila mimi. Nimekubali kabla hajamaliza.

Mbuzi wa miguu, jamani, mwaka huu? Nitawaambia huo ni ushamba mtupu, na simu imeletwa na Mungu.

Mwongeli ameuliza mfuko wa mchana nitabadilishia wapi huko ugenini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimeshamwomba Mzee Gicheru chumba kisafi chenye dirisha la kufungika. Mlango tu ndio nimeomba uwe wa mbao nyembamba, sauti ipite.