Ufunguzi Rasmi wa Bwawa la Wapiga Mbizi wa Tena, 1996

Bwana D.O. wa tarafa yetu, Chifu, Naibu wa Chifu, wazee wa mtaa, wachungaji wa madhehebu yote, akina mama mliokuja na mitungi ingawa kadi ya mwaliko haikutaja mitungi, mabibi na mabwana: mimi, Andati, Mwenyekiti wa Kamati Tekelezi ya Michezo ya Chini ya Maji, Mtaa wa Tena na Viunga Vyake, nawasalimu kwa unyenyekevu ambao mimi mwenyewe nimeusifu mara nyingi. (Makofi.)

Mwaka wa tisini na nne niliwaahidi vijana wetu bwawa la kujifunzia kupiga mbizi, na kwa kuwa kiongozi hatumi watu asikofika, nilikwenda Mombasa kwa study tour ya siku kumi na nne, nikiandamana na katibu wangu, Bwana Luseno, na huko, ndugu zangu, niliteseka kwa niaba yenu. Suti ya mpira niliivaa kwa dakika arobaini, na zipu ilipofika shingoni ndipo haja ndogo ilipobisha hodi. (Kicheko.) Miwani iliingia ukungu, nikaambiwa niitemee mate, nikaitemea kwa kiwango kinacholingana na cheo changu, na bado samaki pekee niliyemwona alikuwa Luseno. (Kicheko kirefu.) Masikio yaliniuma kwenye mita mbili, hewa ya saa nzima niliimaliza kwa dakika kumi na moja, na tumbo hili mnalolijua lilikataa kuzama hata nilipofungwa vyuma kiunoni, hivyo kwa mujibu wa ripoti yetu asilimia themanini na saba ya mbizi yangu ilifanyika juu ya maji.

(Mama Nekesa, kutoka nyuma: "Mwenyekiti, maji iko wapi? Mfereji imekauka wiki ya tatu!")

Swali zuri, mama. Hilo liko katika phase two ya mradi.

(Mama Nekesa: "Na hiyo pipa ya maji umefunga utepe ni yangu! Watoto hawajaoga, hata chai hatujapika!" Minong'ono.)

Kwa hayo machache: Mbizi kwa wote! Kina ni maendeleo! Tena juu! ("Juu!" Ni Luseno peke yake.) Namshukuru Bwana D.O., ambaye kiti chake naona bado ni kitupu, na zaidi namshukuru Mama Nekesa, aliyetuazima pipa lake, kwani bila hilo leo tungefungua hewa. Bwawa halijachimbwa, mama. Hata kiwanja hatuna, na naona aibu.

Lete mtungi. Nakata utepe, uchote maji yako.