Mavi ya Mwezi Yavuka Seng'enge

Jumatano, 10 Julai
Mvua siku ya nne. Gogo bovu la jirani yangu Crisóforo limeota mavi ya mwezi, ule ute wa njano unaotambaa bila miguu wala haya. Mapana kama sinia! Yakikaangwa na kitunguu na pilipili, mtu husahau hata dini. Mama Domitila anayatamani tangu mvua zianze. Na huyo ndiye mama yake Eufemia, na Eufemia ndiye nitakayemwoa, ingawa sijamwambia. Crisóforo naye anammezea mate. Kuiba siibi. Lakini hapa kwetu kinachovuka seng'enge chenyewe ni cha mwenye ardhi, liwe boga au yai la kuku. Basi yatavuka.

Alhamisi, 11 Julai
Nimepanga punje za oti kutoka gogoni hadi kwangu. Ute huu kwa oti ni mlafi kuliko kasisi. Crisóforo akapita, akauliza mbona nimepiga magoti matopeni. Nikamwambia nasali. Akasema nimwombee na yeye.

Ijumaa, 12 Julai
Yamevuka! Yametanda kisikini kwangu, laini, njano kama kiini cha yai. Dada yangu Otilia akasema niyachume sasa hivi nimpelekee mama wa watu. Nikamwambia aache pupa. Yakila oti siku mbili zaidi, Jumapili yatajaa karai. Otilia hana maono.

Jumapili, 14 Julai
Balaa! Yamefanya ganda gumu. Nikajipa moyo kwamba ndani bado laini. Nikayabeba mpaka kwa Mama Domitila, nikayaweka mezani kwa heshima zote. Akachoma kisu. Pufu! Vumbi jeusi usoni, kwenye supu, kwenye kitambaa cheupe. Eufemia alicheka mpaka akakaa chini. Crisóforo naye alikuwepo, shati limepigwa pasi, akaniuliza kama sala zimejibiwa.
Mama Domitila akajifuta, akasema taratibu: “Eleuterio mwanangu, haya huchumwa siku ile ile. Ukingoja, yanageuka vumbi. Crisóforo amekuja kuposa, na Eufemia amekubali. Wewe umekula hapa kila Jumapili miaka minne, hujasema neno.”

Jumatatu, 15 Julai
Nililia, sikatai. Harusi ni Novemba. Otilia anasema niende leo hii nikamwambie Eufemia yaliyo moyoni. Leo! Na mvua yote hii? Novemba bado mbali. Nitamwambia Oktoba, mwishoni mwishoni.