Marufuku ya Usingizi wa Kiroho Kyimo

Mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona, usharika mmoja wa Kyimo ulitangaza kwamba usingizi wa kiroho umepigwa marufuku kuanzia Jumatatu. Jumapili iliachwa ili watu wamalizie.

Mwenyekiti wa Kamati ya Kuamsha Waumini alikuwa Mzee Hezron, ambaye pia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikwisha kuona vijiji vizima vikihamishwa kwa azimio moja. Roho za watu zingemshindaje? Tena Askofu alikuwa anakuja. Hezron alitaka kusimama mbele yake atamke kwamba Kyimo hakuna tena aliyelala, na neno hilo alilitamani kuliko alivyowahi kutamani ng'ombe.

Kikao cha kwanza, baada ya chai nyingi, kiligundua chanzo cha tatizo. Wanyakyusa husalimiana "Ugonile", yaani, umelala? Mwenyekiti akasema hapo ndipo adui alipojificha miaka yote. Waumini wakaagizwa kuulizana "Umeamka?" na kuitikia "Nimeamka na ninaendelea." Katibu Meshaki, ambaye hakuwahi kumpinga mtu aliyevaa koti, aliunga mkono kabla hoja haijaisha. Hasina, muuza vitenge wa Bulyaga, alipopata habari alisema yeye Mwislamu huamshwa na adhana, na siku zote alikuwa akiwahurumia majirani zake.

Operesheni ikafana. Watu walijaa kwenye semina za kuamka, wakasinzia kwa utaratibu. Akabaki mkaidi mmoja tu, Atuganile, mjane asiyehudhuria semina hata moja. Akikutana na Mwenyekiti njiani, mzigo wa kuni kichwani, humpigia goti na kumwambia kwa heshima ya wakubwa "Mugonile" mchana kweupe. Kamati ikaazimia kwamba asipoahidi kuamka, hatashiriki Meza ya Bwana siku ya Askofu. Mama yule hakuwa na karamu nyingine aliyoalikwa duniani, lakini azimio ni azimio.

Mwenyekiti na katibu wakaenda kumpelekea wenyewe. Hawakumkuta. Jirani alisema kila siku huwa upande wa Lufingo. Alipoulizwa anafuata nini huko, akatazama migomba, akasema waende tu, wataona.

Wakapanda kilima kwenye matope. Kadiri walivyopanda, Hezron alizidi kupunguza mwendo, kwa maana njia ile aliijua. Walipofika, Meshaki naye aliijua nyumba. Ilikuwa ya mama yake Mwenyekiti.

Atuganile alikuwa amepiga magoti jikoni, akimlisha bibi kizee ndizi zilizopondwa, kidogo kidogo, akimfuta kidevu. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu.

"Nani hao?" bibi akauliza.

"Ni Mwenyekiti," Hezron akajibu, kwa ile sauti yake ya vikao. Jibu lilimtoka lenyewe.

"Wa kamati ya kule Kyimo?"

"Ndiyo."

"Ndaga, asante baba, karibu. Mwanangu Hezron naye yumo humo. Ukimwona, mwambie mama yake hajafa bado."

Atuganile hakuinua kichwa. Aliendelea kuponda ndizi kama mtu asiyesikia, na heshima hiyo ilimchoma Hezron kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Akasema kwamba atamwambia.

"Basi mwambie akiwa peke yake," bibi akasema. "Akiwa na kamati, hasikii."

Meshaki akakohoa, akauliza kwa unyenyekevu kama asome azimio sasa, na kama ni azimio la mama Atuganile au sasa lina mwenyewe mwingine. Mwenyekiti aliona aibu, aibu tupu, isiyo na ajenda. Akavua koti, akamwachia katibu mikononi, akachukua ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango, akashuka mtoni kabla kikao hakijafungwa.