Mbayuwayu wa Boritini

Jumatatu, 4 Oktoba 1926

Tok. Komeo la mbao la mlango wa mbele, alilolichonga babu kwa kisu chake, likinyanyuka. Kutwa nzima limo kichwani mwangu. Sauti ya nyumba yangu! Au itakayokuwa yangu, nikimshinda binamu Lambert.

Leo kwenye chai shangazi Drusilla katangaza: akifa, nyumba ataachiwa mwenye ndege wake aliyechongwa kwenye boriti ya meko. Babu alimchongea kila mtu wa nyumba hii mbayuwayu wake. Lambert anaye. Mimi nilizaliwa babu yuko kaburini. Lambert akanipa pole, keki tele mdomoni: nisijali, nitakuwa nakuja kama mgeni, atanitandikia kitanda.

Jumanne

Wote bustanini, wanachuma matofaa. Nimejichongea wangu. Nimemwiga yule mzuri kuliko wote, wa pembeni. Masizi kidogo, nta kidogo. Hata babu angedanganyika.

Jumatano

Bi Gadd, mpishi, kaandaa vikombe viwili asubuhi, badala ya vitatu. Nilimsalimu. Akafunga dirisha, akalalamikia upepo. Mbwa kalala juu ya miguu yangu kama juu ya sakafu tupu. Lambert kala mkate wangu. Basi wamemwona ndege, wananinunia. Wivu!

Saa ya chai: tok. Mlango ukafunguka wenyewe, ukangoja. Hakuna aliyeshtuka.

"Usifunge, Gadd," alisema shangazi. "Kuna anayetoka. Mwache atoke."

Alhamisi

Bi Gadd alikuwa akifuta vumbi kwenye boriti. Akasimama. Maskini, alisema, na huyu anatazama mlango. Lambert akauliza kuna nini. Akaelezwa, nami nimesimama katikati yao: walio hai hutazama moto. Mtu alipokufa, babu alimkwangua ndege wake, akamchonga upya, ndege akitazama mlango, ili marehemu asije akapotea njia.

Yule mzuri wa pembeni, niliyemwiga, ni wa marehemu bibi.

Mlango umekuwa wazi tangu jana. Baridi kali. Hakuna anayeihisi ila mimi.

Ijumaa

Kosa dogo la ufundi, basi. Ninahitaji ndege anayetazama moto. Boriti imejaa. Nafasi nzuri ni ya Lambert. Nimemkwangua, nimejichonga hapo. Kazi safi!

Kwenye chai Bi Gadd kaniuliza kama nataka jamu. Nilikaribia kumbusu. Vikombe vilikuwa bado viwili. Komeo: tok. Nikauliza Lambert yuko wapi.

Shangazi alinitazama kwa upole. "Lambert ni nani, mwanangu?"

Nilimsikitikia, nakiri, mpaka nusu ya kikombe. Kisha nikakumbuka chumba chake: dirisha linalotazama matofaa, na kiti cha mwaloni alichokijenga babu chini yake. Ndege wangu wa kwanza bado anatazama mlango. Sikumkwangua, ametoka vizuri mno. Na mlango bado u wazi, unangoja. Sanduku langu nimeshalihamishia chumbani kwa Lambert.