Nyoosha Moja kwa Moja Hadi kwa Ondina

Redio alilibamiza gazeti juu ya kaunta, katikati ya sinia la sadini na glasi za watu.

"Sikieni haya! Wametuma mtu. Yuko mjini tangu Jumatatu, na sura yake haijulikani."

"Nani kamtuma, polisi?" aliuliza Kasia, nusu yai mdomoni.

"Polisi wangekuwa afadhali. Ni mkaguzi wa kile kitabu cha watalii, kile kinachowaambia wakale wapi. Anavaa kama mimi na wewe. Anaingia vijibaa visivyojulikana, anaonja, anauliza maswali ya ajabu, anaondoka. Mwezi ujao dunia nzima iko mlangoni kwako na mabegi ya magurudumu."

"Asivae kama wewe," alisema Kasia. "Watamfukuza kote."

Baa ya Ondina haikuwa na kibao. Kilichokuwepo kilichukuliwa na yale mafuriko makubwa, kikaonekana mara ya mwisho kikielea mferejini kuelekea makaburini, na hakuna aliyeona sababu ya kukifuata. Waliokunywa pale walipajua. Mwalimu Alvise Zorzetto alipajua kuliko wote. Alikuwa na kona yake dirishani, na mbao ya dirisha ilikuwa imebonyea kwa umbo la kiwiko chake. Alifundisha jiografia mpaka akastaafu, wakamwita Ramani. Alikuwa na kanuni moja, naye aliitaja bila kuulizwa: jambo ambalo si kweli halisemwi.

Wenzake hawakuwa na kanuni. Kasia, jina lake halisi Nane Busetto, alivusha watu Mfereji Mkuu kwa gondola, ule mtumbwi mwembamba wa mjini pale, wamesimama wima kama mishumaa. Redio kwa jina halisi aliitwa Wanda, aliuza mboga sokoni, na habari zilimfikia kabla hazijatokea.

"Kumbukeni kwa Berto," alisema Redio, akashusha sauti kama yuko msibani. "Tulikuwa tunasimama pale, kivuli mkononi..." Kivuli ndilo jina la glasi ndogo ya mvinyo mjini pale. "...tunamtukana Berto kwa raha zetu. Wakamwandika kitabuni. Leo ana menyu ya picha. Picha! Mtu ananyoosha kidole, 'nipe hicho cha kahawia'."

"Na viti," alisema Ramani.

"Viti!" Kasia alijishika kifua. "Unakaa, unalipia kukaa. Unaegemea, hiyo bili nyingine."

"Ile menyu ina lugha saba," alisema Ramani. "Ya saba ndiyo yetu, na imejaa makosa. Nilianza kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Walinitoa nje."

"Mimi nimemwona mtu pale," alisema Kasia polepole, "mchana kweupe, anakula ngisi na kahawa ya maziwa."

Wote watatu waliinamisha vichwa kwa heshima ya ngisi.

Ondina alitokeza kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Mnaomboleza nini? Huyo mkaguzi aje tu! Nimechoka kupikia watu watatu ambao kazi yao ni kuniambia vitunguu vya marehemu mama yangu vilikuwa vitamu zaidi."

"Vilikuwa," alisema Ramani. "Huo ni ukweli."

"Ukweli wako ukautie chumvi, Mwalimu. Na sikieni: pampu imekufa, jioni maji yanapanda. Nimeita fundi. Akija mnipigie kelele, maana nakaanga na feni ya jikoni inanguruma. Mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu, kama watu wanavyoitikia kengele ya kanisa la mtaa mwingine. Redio alikuwa amefika kwenye aya inayoeleza dalili za mkaguzi.

Ondina alikuwa na sababu ya kuhangaika. Kule baharini yapo mageti makubwa ya kuuzuia mji usizame, lakini serikali huyainua pale tu maji makubwa yanapokuja. Baa yake iko chini kiasi cha kuzama kwa maji madogo, yale ambayo serikali haioni haja ya kuyafungia mlango.

Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwenye feni yake jikoni wakati kichwa cha mwanamume kilipochungulia mlangoni.

"Habari zenu, wazee. Namtafuta Ondina. Hivi namba za nyumba huku zilipangwa na mlevi?"

Kijiwe kilitazamana. Yule mtu alikuwa na kisanduku cha chuma mkononi na gambuti miguuni, na nje jua lilikuwa linawaka.

"Ondina yupi?" aliuliza Kasia.

"Mwenye baa."

"Ahaa, huyo!" alisema Redio kwa ukarimu mkubwa. "Nyoosha moja kwa moja."

Yule mtu alishukuru, akaenda. Katika mji ule hakuna njia iliyonyooka hata ya kutoka kitandani kwenda chooni, ndiyo maana kila mwenyeji akiulizwa njia hutoa jibu hilohilo. Si ukatili. Ni namna ya kumwambia mgeni kwaheri kabla hajauliza swali la pili.

"Ndiye," alinong'ona Redio.

"Ana lafudhi ya Mestre," alisema Ramani. "Mtu wa bara kabisa, wa kule ng'ambo ya daraja."

"Ndiyo kujificha kwenyewe, Mwalimu! Ulitaka aje na lafudhi ya Paris na kofia yenye manyoya?"

"Na gambuti je?" alisema Kasia. "Nani anavaa gambuti jua likiwaka? Mtu aliyesoma utabiri. Mtu wa mipango."

"Na kisanduku?"

"Vijiko vya kuonjea. Vimepangwa kwa ukubwa."

Ramani alitaka kusema kuwa ushahidi hautoshi. Akatazama mbao ya dirisha, akaona kiti chake cha kesho, na bili ya kiwiko. Akanywa mvinyo wake.

Baada ya muda yule mtu alirudi, sasa akitokea upande wa pili, jasho likimtiririka.

"Ulikata kona," Kasia alimwambia kabla hajafungua mdomo. "Nani alikwambia ukate kona?"

"Mbele kuna mfereji, mzee wangu!"

"Basi hapohapo ndipo unaponyoosha."

Aliondoka akijisemesha. Safari ya tatu hakuuliza njia. Aliingia ndani moja kwa moja, akaitazama sakafu. Akachuchumaa kizingitini, akapitisha kidole kwenye jiwe, akakinusa.

"Ananusa," alipumua Redio. "Mama yangu, ananusa jengo!"

Yule mtu alinyanyuka, akamtazama Ramani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sura ya mtu anayesema kweli.

"Mzee, hapa maji huingia?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la ajabu lililoandikwa gazetini. Hapakuwa na shaka tena. Nyuma ya Ramani, ukutani, kulikuwa na mstari wa chumvi ulioachwa na mafuriko, kimo cha kiuno. Alirudi nyuma taratibu, akaufunika wote kwa mgongo wake.

"Maji?" alisema. "Hapa? Halijawahi kuingia tone."

Kasia alikunywa glasi yake yote kwa mshtuko. Redio alifanya ishara ya msalaba.

"Basi si hapa," alisema yule mtu. "Ninakotafuta mimi huzama hata mtu akipiga chafya." Akabeba kisanduku chake, akanyoosha moja kwa moja.

Walisubiri hatua zake zipotee, kisha Kasia akamkumbatia Mwalimu. "Umedanganya! Mzee mzima, bila hata kupepesa! Nilidhani wewe hata umri wako unautaja kwa wanawake!"

"Sikudanganya," alisema Ramani, masikio yakiwa mekundu. "Tone halijawahi kuingia. Huingia yote kwa pamoja."

Waligonga glasi. Walikuwa bado wanazigonga, simu ya Kasia ilipolia: tahadhari ya mji, maji yanapanda na yatafika wakati wa magharibi. Ondina akatoka jikoni akifuta mikono.

"Fundi hajafika tu?"

"Fundi gani?" aliuliza Redio.

"Wa pampu! Loris, kijana wa Mestre. Nilimwambia kibao hakuna, we tazama chini, ukiona sakafu inayozama ndiyo kwangu."

Nje boti ya taka ilipita, na injini yake ikasikika mpaka ilipokata kona.

"Mama Ondina," alisema Kasia kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, "huyo Loris... ni mtu wa kuvaa gambuti?"

Ondina aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nani kaongea naye mwisho?"

Marafiki wa miaka mingi hawasalitiani. Redio na Kasia hawakutamka neno. Walimnyooshea Ramani vidole tu.

Walitoka wote kumtafuta. Mama wa magazeti alisema ndiyo, amemwona, kamwambia anyooshe. Padre alisema alimbariki, kisha akamwambia anyooshe. Muuza barakoa za watalii, ambaye mwenyewe alihamia mjini juzijuzi, alisema kwa fahari kwamba alimjibu kama mwenyeji: nyoosha. Walikuwa wamerudi kwenye daraja la mbele ya baa, wakitupiana lawama, simu ya Ondina ilipolia. Akaweka sauti ya nje.

"Mama Ondina? Loris hapa. Nimenyoosha."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Mestre! Kila niliyemuuliza kaniambia ninyooshe, nimenyoosha mpaka nikakuta basi, nikapanda. Sasa hivi niko mezani, mama kanipakulia."

"Loris, mwanangu, maji yanakuja. Rudi, nakuomba."

Walimsikia akitafuna. "Narudi kwa sharti. Mtu anisubiri kituo cha basi. Ashike kitu juu nimwone. Na asifungue mdomo wake mpaka tufike."

Ondina alikata simu, akaingia ndani, akatoka na mwavuli mwekundu, akauweka kwenye mkono wa Ramani.

"Wewe. Na ukirudi bila fundi, ile kona yako naweka meza. Na viti viwili. Na kishada cha maua."

"Maua ya plastiki?" aliuliza Ramani kwa sauti ndogo.

"Ya plastiki."

Alikwenda. Kituoni aliinua mwavuli juu kadiri bega lilivyoruhusu, na Loris akashuka kwenye basi, akamtambua, akataka kurudi Mestre palepale. Ramani aliinamisha kichwa kama mshtakiwa, akageuka, akatangulia. Loris akafuata.

Walivuka daraja la kwanza, na la pili. Kwenye la tatu Ramani alisimama kuvuta pumzi, akatazama nguo zilizoanikwa juu ya mfereji, hasa suruali moja ya ndani yenye viraka, na nyuma yake akasikia kamera. Aligeuka. Nyuma ya Loris palikuwa na mstari wa watu, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto mabegani, wote wakiipiga picha ile suruali. Katika mji ule mzee nadhifu aliyeinua mwavuli siku isiyo na mvua ana maana moja tu, ni kiongozi wa watalii, nao walikuwa wameielewa.

Alifungua mdomo awafukuze.

"Tulikubaliana," alisema Loris.

Akaufunga. Aliongeza mwendo, wakaongeza mwendo. Alikata kichochoro kisichojulikana hata na posta, nao wakashangilia, kwa sababu kichochoro kisichojulikana ndicho walichokilipia nauli ya ndege. Alisimama kupenga kamasi, na mwanamume mmoja akampiga picha kwa unyenyekevu.

Walipofika kwa Ondina, maji yalishatangulia. Maji ya pale hayapiti mlangoni; huchomoza kwenye tundu la katikati ya sakafu, kwa adabu, kama mpangaji anayerudi kwake. Yalikuwa yamefika vifundoni. Loris alitumbukia nyuma ya kaunta bila salamu. Watalii walivua viatu, wakapiga mayowe ya furaha, wakaingia.

Walikula kila kitu. Walikula sadini za siki na vitunguu, samaki mkavu aliyepondwa hadi kuwa laini kama siagi, na ugali wa kuchoma uliokuwa chini yake. Walikula mayai, wakauliza kama yapo mengine. Ondina alipakua akiwa ndani ya gambuti za marehemu mumewe, uso ukiwaka kama bibi harusi. Redio na Kasia walisukumwa taratibu, hatua kwa hatua, mpaka wakajikuta nje kwenye ngazi za daraja, glasi mkononi, wakitazama kijiwe chao kupitia dirishani.

Ramani alijipenyeza kwenye kona yake. Palikuwa na mwanamke mwembamba wa makamo, suruali ameikunja magotini, na kiwiko chake kimetua pale mbao ilipobonyea. Kimeenea sawasawa. Alionja kila kitu kidogo kidogo, akamuuliza Ondina vitunguu hulala kwenye siki kwa muda gani, na akasikiliza jibu lote.

Nje ya kioo, Redio alikuwa akipunga mikono yote miwili kama anayeongoza ndege kutua. *Ndiye! Ndiye huyo!*

Mwanamke alifuta vidole vyake, akamgeukia Ramani.

"Wewe ndiye uliyetuleta. Asante sana. Kesho ningependa kurudi, na baadhi ya wenzangu. Nikitoka kituo cha treni, nafikaje hapa?"

Ondina alisimamisha mwiko hewani, akamkazia macho. Ramani aliijua njia ile daraja kwa daraja. Angeweza kuichora gizani kwa mkono wa kushoto. Alitazama kile kiwiko kwenye mbao yake.

"Ni rahisi sana, mama," alisema. "Nyoosha moja kwa moja."

"Moja kwa moja!" ziliitikia sauti mbili kutoka darajani.

Kutoka chini ya kaunta, katikati ya mabomba, pampu ilikohoa, ikakohoa tena, ikaanza kunguruma. Juu yake ikapanda sauti ya Loris, kichwa hakionekani.

"Mama, usiwasikilize hao. Utalala Mestre."