Pole ya Tahiru Mkimbiaji

Wako wanaokula jasho lao, na wako wanaokula jasho la jirani. Tahiru wa Arua alikula jasho la debe: maji aliyojimwagia kichwani kwa mkono wake mwenyewe, kabla tu ya kuingia mjini.

Mambo yalianzia kwa mbwa. Mwaka ule wa sabini na sita sukari ilikuwa imeondoka madukani bila kuaga, na Tahiru alikuwa juu ya lori la Okuonzi, anakwenda Koboko kutafuta watu wa kudanganya, maana wa Arua walikuwa wamemwishia. Lori likazimika kijijini Lurujo, karibu kufika Koboko. Tahiru akashuka kujinyoosha. Mbwa wa watu akamwona, hakumpenda, akamsindikiza kwa meno mpaka kwenye nyumba za kwanza za Koboko. Hapo, mlangoni pake, alikaa mjane wa Kinubi aitwaye Hawah, ambaye mtaa mzima ulimwita Haboba, yaani bibi. Akamtazama kijana mwenye kaptula anavyohema.

"Mtoto yangu, wewe natoka wapi na mbio hii?"

"Arua, Haboba."

Hakusema uongo. Alitoka Arua kweli. Habari za lori hakuulizwa.

Miaka hiyo nchi ilikuwa na homa ya mbio, tangu mwenzetu mmoja alipoleta medali kutoka Ulaya. Makarani wa ofisi za Arua Hill walikimbia asubuhi, walimu walikimbia jioni, bila kulipwa na yeyote. Ila la kufanya baada ya mbio walikuwa hawalijui. Walijitupa kitandani, wakaamka wamekauka kama mbao. Haboba alilijua. Marehemu mumewe alikuwa mkimbiaji wa kikosi cha jeshi, na alipokufa alimwachia elimu hiyo na kitanda.

"Mbio iko ya siku moja," alimwambia Tahiru. "Kupumzika iko ya siku tatu. Mutu hapana pumzika, mbio nakula yeye."

Akaleta karai la maji ya moto yenye chumvi, Tahiru akatumbukiza miguu. Akalazwa chali, miguu ikaegemezwa ukutani kama ngazi. Akakandwa kwa mafuta ya simsim. Maji baridi akakatazwa kabisa. Ukaja uji wa ulezi wenye ukwaju, kisha ikaja chai, na ndani ya chai mlikuwa na sukari. Tahiru akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeingia msibani.

"Pole, mtoto yangu. Pole sana."

Tahiru alikuwa ameambiwa mengi maishani, mengi ya hayo na polisi. Pole yenye sukari hakuwahi kuambiwa. Akaamua palepale kuwa mkimbiaji.

Tangu siku hiyo Okuonzi alimpakia Arua na kumshusha kwenye kona karibu na Koboko. Tahiru alijimwagia debe, akajipaka vumbi, akaingia mjini akichechemea kwa ufundi ambao mchechemeaji halisi hana. Penye kizuizi cha askari alishuka pia, kwa kuwa Okuonzi alisema hataki abiria wa kuulizwa maswali. Askari walipekua lori gunia kwa gunia, huku wakimpigia makofi yule kijana aliyepita mbio na kaptula. Koboko alipumzika kwa ajili ya mbio za Arua. Akirudi Arua, alipumzika kwa Medina, mpwa wa Haboba, kwa ajili ya mbio za Koboko. Siku iliyobaki, kama waungwana wote, alipumzika.

Kila alipoondoka Koboko, Haboba alimfunga mshipi wa kitambaa kiunoni, mzito kidogo. Alisema ndani mna mchanga na karafuu, unashika figo. Medina aliufungua, akamfunga mwingine wa kurudi nao. Tahiru hakuuliza. Mtu hagombani na figo zake.

Siku moja, juu ya magunia, mshipi ukamwasha. Akachokoa mshono kwa ukucha. Haikutoka karafuu. Ulitoka unga wa manjano, mzito, ule unaovuka kutoka Zaire bila kupiga hodi.

Dhahabu ya magendo. Wakati ule watu walipigwa risasi kwa kitu kidogo kuliko hicho, na yeye alikuwa akiipitisha mbele ya askari kwa makofi. Hapo akaelewa kwa nini lori lilizimika pale lilipozimika, kwa nini Okuonzi hakuwahi kudai nauli, na kwa nini Haboba alikuwa amekaa mlangoni. Katika kundi lile lote, mkweli alikuwa mbwa peke yake.

Mwingine angeogopa. Tahiru aliumia roho: kufanywa mjinga, yeye, na kwa kikombe cha chai. Kisha roho ikapoa, akaanza kuona mbali. Akaushona mshono kwa uzi aliouchomoa kwenye gunia, akamfikishia Medina mshipi kama kawaida. Medina akaupapasa ule uzi wa gunia, akamfunga mwingine. Safari ijayo ungekuwa wake. Mjini Arua alikuwepo sonara, Dramadri, ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza. Tatizo ni njia. Okuonzi alikuwa mtu wao, na Medina alingojea lori palepale lisimamapo. Ilibaki njia moja, nayo Tahiru aliichukia tangu utoto: miguu.

Asubuhi ya safari Haboba alimfunga mshipi taratibu, akapapasa mshono.

"Leo iko nzuri. Mchanga mpya, karafuu mpya. Kimbia vizuri, mtoto yangu."

Tahiru akamwonea huruma, mwanamke mzee vile, na kumwamini mtu hivyo. Akaacha barabara, akashika vijia vya mashambani. Penye Lurujo yule mbwa alimkumbuka, akamsaidia mwendo. Baada ya hapo hakuna mbwa aliyejisumbua. Jua lilipanda, mapaja yakawa mawe, nyayo zikachubuka, na kwenye kijito alikunywa maji baridi mpaka tumbo likalia kama ngoma. Wanawake waliokuwa wakilima mihogo walimwambia pole, wakaendelea kulima. Jua likielekea kuzama aliingia kwa Dramadri kwa magoti, akaweka mshipi mezani.

Sonara akaupasua. Ukamwagika mchanga. Kisha karafuu.

"Hii iko ya pilau," alisema Dramadri.

"Mimi nakimbia na hii toka Koboko. Na mguu. Naapa kwa mama yangu."

Dramadri akavua miwani ili acheke vizuri. "Tahiru, bwana. Arua yote najua lori yako."

Tahiru alitaka kusimama akasirike. Miguu ikakataa. Alilala palepale sakafuni, bila karai, bila chumvi, na asubuhi aliamka amekuwa ubao.

Okuonzi alikuja kumchukua bila kuitwa, akampakia kati ya magunia. Penye kizuizi Tahiru hakuweza kushuka, basi kwa mara ya kwanza askari wakampekua, mpaka kati ya vidole vya miguu. Wakapata karafuu moja.

Haboba alikuwa mlangoni. Aliitazama ile miguu.

"Leo wewe nakimbia kweli," alisema.

Duniani kote aliyemwamini alikuwa yeye peke yake. Akaleta karai, akaleta mafuta, akamkanda, na safari hii Tahiru alilia machozi. Ikaja chai. Akaonja.

"Haboba, sukari?"

"Ile ilikuwa ya kazi. Hii iko pole."

Akachukua kopo la sukari, akampita nalo, akaenda chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Karani mmoja wa Arua Hill, mkimbiaji halisi, mjinga halisi, alikuwa amelala chali, miguu ikiegemea ukuta, mshipi mpya kiunoni, akishukuru.

Tahiru akainua miguu yake, mmoja mmoja kwa mikono miwili, akaiegemeza ukutani upande wake. Akapumzika.